Serikali yalipia kijana nyumba, au yamlipia chumba?

"Mjomba, ni kweli huko ng'ambo kijana akipanga nyumba serikali ndo yalipa kodi?" Hiyo voisi niliipata saa tano usiku kutoka kwa mpwa wangu. Yuko mwaka wa pili chuoni hapa Tudor, wanakaa watatu kwa chumba kimoja, kila mmoja hutoa elfu moja na mia tano na keateka, yule msimamizi wa nyumba, yuwaja tarehe tano bila kukosa. Kuna mtu kwenye grupu lao la WhatsApp kawaambia ukifika Uingereza ukiwa chini ya miaka 35 wapewa nyumba bure. Nikaona heri niandike yote mara moja, manake swali hili naulizwa sana, na kuna vijana hapa Mombasa wanauza mpaka pikipiki na kupanga safari juu ya uvumi huu, na hilo laniuma.

Kuna ukweli ndani yake lakini umepinduliwa. Hiyo 35 ipo, ila sio umri wa kupewa nyumba, ni umri wa kupunguziwa msaada. Ukiwa chini ya hapo na wakaa peke yako huna mtoto, serikali ya kule yakuhesabia chumba tu, tena chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, hata kama wewe umepanga nyumba nzima.

Dhana yenyewe wao huiita Shared Accommodation Rate, mimi hapa ntaiita kiwango cha chumba cha pamoja. Kwa mtu wa Mombasa si kitu kigumu kuelewa kwa sababu chumba cha pamoja twakijua tangu tuzaliwe. Chukua nyumba ya Kiswahili ya Majengo, waingia mlango wa mbele wakuta ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku vitatu huku, mwisho kuna ua, choo na bafu ni vya wote, jiko kila mtu na lake lakini mwapikia pale pale uani, bili ya stima mwagawana na kila mwezi lazima mmoja alalamike kuwa jirani ana friji. Kodi yako ni ya chumba, hivo vingine mwachangia. Sasa serikali ya Uingereza ikikaa kumhesabia kijana msaada wa kodi, picha iliyo nayo ni kama hiyo: chumba chako cha kulala, jiko na choo mwashirikiana na wengine.

Wazipimaje hizo pesa? Hapa ndo watu wengi hupotea, kwa hivo tuende polepole. Nchi imegawanywa maeneo ya soko la kodi, na kila eneo lina kiwango chake, London sio sawa na mji mdogo wa kaskazini. Tuseme ni Bombolulu, na namba hizi nazitunga tu ndo tuelewane. Wapanga vyumba kumi kuanzia cha bei ya chini kabisa hadi cha juu: 2,500, 3,000, 3,500, 3,800, 4,000, 4,500, na kuendelea hivo mpaka 7,000. Wahesabu kutoka chini, cha tatu ndo kipimo, yaani 3,500. Maana yake katika kila vyumba kumi vya eneo, ni kama vitatu tu ambavyo msaada ule wavimaliza, saba vilivyobaki itabidi utie mkono mfukoni. Zamani kipimo kilikuwa cha katikati, kile cha tano au sita hivi, mwaka 2011 ndo wakakishusha hadi hapo kwenye asilimia 30.

Haya, wewe ukiwa wakaa chumba cha 5,000, utapata 3,500, hiyo 1,500 ni juu yako. Na ukibahatika kupata cha 2,500, basi watakupa 2,500, hawakupi 3,500 ukabaki na chenji. Siku zote ni ile ndogo kati ya kodi yako na kipimo. Watu hawaambiwi hili mapema, wasikia "kiwango cha eneo ni kadhaa" wanadhani ni pesa watakayotiwa mkononi.

Na kuna tatizo lingine ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote. Kipimo hicho hakipandi kodi ikipanda. Kuanzia 2016 kiligandishwa miaka minne, 2020 wakakirudisha kwenye ile asilimia 30, kikagandishwa tena mpaka Aprili 2024 ndo kikasawazishwa, mwaka uliofuata wakakiacha vilevile. Hebu fikiria mwenye nyumba wako hapa Kisauni akupandishia kodi kila Januari halafu pesa unayosaidiwa nayo ni ile ya miaka minne nyuma. Utakaa vipi? Utahamia kwengine. Wapi? Vile vyumba vitatu vya bei ya chini vishajaa, na wenye nyumba wengine kule wakisikia wategemea msaada wa serikali hawataki hata kukuonyesha chumba.

Historia yake si ndefu. Sheria ya chumba ilianza Oktoba 1996 ikiwalenga walio chini ya miaka 25. Mwaka 2008 ukaja mfumo wa viwango vya eneo kwa wote wanaopanga kwa watu binafsi, halafu Januari 2012 umri ukapandishwa kutoka 25 hadi 35. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba vijana wengi wanaofanya kazi na kujilipia wenyewe hukaa nyumba za kushirikiana, kwa hivo anayesaidiwa naye asiishi kuwashinda, na pia walitaka kupunguza matumizi. Hoja hiyo naielewa. Lakini kijana wa miaka 22 anayeshirikiana nyumba na marafiki aliowachagua mwenyewe ni kitu kimoja, na mtu wa miaka 34 aliyepoteza kazi akaambiwa aache nyumba yake akatafute chumba na watu asiowajua ni kitu kingine kabisa, na kuwaweka kapu moja kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa tu sioni haki yake.

Hilo nimeliona karibu. Binamu yangu alichukuliwa Lamu na mamake akiwa mdogo, akakulia Leicester huko Uingereza, ana pasipoti ya kule. Alikuwa afanya kazi ya ghala, amepanga nyumba ndogo ya chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko lake. Alipokuwa na miaka 33 kazi ikaisha. Akaomba Universal Credit, huo ndo mfuko mmoja uliojumuisha misaada yao mingi, ya kujikimu na ya kodi pamoja, na hulipwa kila mwezi kwenye akaunti yako wewe, sio ya mwenye nyumba. Malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Zile wiki tano alikopa. Pesa ilipoingia akaniitia video kol akanionyesha skrini, kilichoandikwa kwenye sehemu ya nyumba kilikuwa nusu ya kodi yake na kidogo. Alidhani wamekosea hesabu. Hawakukosea, walimhesabia chumba. Nakumbuka aliniuliza, "sasa hiki kitanda changu na kabati nipeleke wapi?" sikuwa na jibu. Akakaa miezi miwili akijazia kutoka kwa pesa ya chakula, mwisho akahama, leo yuko nyumba ya watu watano, vyoo viwili, na kila mtu ana rafu yake kwenye friji imeandikwa jina.

Kuna wanaotolewa kwenye sheria hiyo na ni muhimu kuwajua, manake wengi wana haki na hawajui. Mkiwa mume na mke, au wewe una mtoto unayemlea nyumbani, haikuhusu. Vijana waliolelewa na serikali kwenye makao au familia za malezi wasamehewa mpaka wafike 25. Aliyewahi kukaa miezi mitatu kwenye hosteli za wasio na makao naye yumo, vilevile wanaopokea baadhi ya malipo ya ulemavu, na tangu Oktoba 2022 wakaongezwa waliotoroka unyanyasaji wa nyumbani na waliookolewa kutoka utumwa wa kisasa. Anayekaa nyumba za halmashauri hesabu yake ni nyingine. Na ukitimiza 35 tu, wahesabiwa kiwango cha nyumba ya chumba kimoja. Ukikwama kabisa kuna fungu la halmashauri waweza kuliomba likuzibie pengo, ila hilo si haki yako, ni wao waamue.

Sasa turudi kwa mpwa wangu na grupu lake, kwa sababu sehemu hii ndo yenu haswa. Kijana anayetoka Mombasa na viza ya masomo, au aliyekwenda na ile ya kazi ya kulea wazee kama wengi walivokwenda kabla haijafungwa kwa waombaji wapya wa ng'ambo Julai 2025, hana chake kwenye msaada huo. Viza zenyewe huja na sharti liitwalo no recourse to public funds, maana yake huna ruhusa ya kugusa pesa za umma za misaada, na msaada wa kodi ni mmoja wao. Ukijaribu kuomba waweza kuharibu viza yako. Binamu yangu apata kwa sababu ni raia. Kwa hivo anayekuuzia safari kwa maneno ya "ukifika serikali itakulipia nyumba", muulize viza yenyewe ni gani na ina sharti gani, halafu sikiza atakavojibu.

Sio Uingereza pekee wenye mambo haya. Ufaransa wana msaada waitwao APL, na mkiwa mwashirikiana nyumba kila mmoja aomba kivyake, bora jina lake liwe kwenye mkataba. Mkataba ukiwa na jina la mwenzio peke yake umekosa, hata kama watoa nusu ya kodi kila mwezi. Hispania nao mwaka 2022 walianzisha posho ya kodi kwa vijana mpaka miaka 35, yuro 250 kwa mwezi kwa miaka miwili, na wakaweka wazi kwamba hata anayepanga chumba tu aweza kuomba, chumba kisizidi yuro 300, kwengine 450. Hiyo ya Hispania naipenda zaidi, manake pale chumba ni njia ya kumwingiza kijana kwenye msaada, wala si sababu ya kumkata.

Na hapa kwetu je? Kwa kijana anayepanga chumba Mishomoroni au Likoni, hakuna fungu la serikali la kumlipia kodi ya mwezi. Watu huchanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni ule ushuru wa nyumba unaouona kwenye peslipu, asilimia 1.5 kutoka kwako na 1.5 kutoka kwa mwajiri, chini ya sheria ya 2024. Pesa zile ni za kujenga nyumba za bei nafuu, sio za kulipia mtu kodi. Cha pili ni hausi alawansi. Hiyo ni sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 31, mwajiri ama akupe pa kukaa ama akuongezee pesa ya kutosha kodi, kwa hivo yatoka kwa mwajiri, na kama mkataba wako unasema mshahara umejumlisha nyumba ndani yake basi usitegemee kuiona peke yake. Cha tatu ni mkopo wa HELB, ambao wanafunzi wengi hulipia chumba, lakini jina lake lajieleza, ni mkopo, utarudishwa.

Ipo pia sheria ya kudhibiti kodi, ya zamani sana, yenye baraza lake la kusikiza kesi za wapangaji. Yalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitajie chumba cha 2,500 hapa kisiwani chenye mlango unaofungika. Vipo, lakini vyahesabika.

Nilipomweleza mpwa wangu yote haya kwa voisi ndefu, alijibu swali moja tu, la maana kuliko yote: "Kwa hivo hapa kwetu jina langu liko kwa mkataba wa nani?" Nikamwambia aulize. Kumbe hicho chumba cha watatu kimeandikwa jina la mwenzao aliyemaliza chuo mwaka jana akarudi Voi, na diposti keateka amjua yule. Kesho yake wakaenda wote watatu kwa mwenye nyumba na vitambulisho vyao, mzee akaandika risiti mpya yenye majina matatu, na ile diposti ya kijana wa Voi wakakubaliana watamtumia kwa M-Pesa, elfu moja moja kila mmoja.