Jaji Wright na saini aliyotaka kuifuta

Wino ukishakauka kwenye amri ya mahakama, jaji anaweza kusema ameghairi? Wanafunzi wa sheria huniuliza hivyo wakidhani ni swali la mtihani tu. Mwaka 1877, mjini Columbia, South Carolina, swali hilo lilimfika shingoni Jonathan Jasper Wright, mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo nchini Marekani.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1840. Sheria aliisoma kwa mtindo wa siku zile: unakaa katika ofisi ya wakili, unasoma vitabu vyake, hadi wakubwa waone umeiva. Alipoomba kutahiniwa, kamati ilikataa hata kumsikiliza. Mwaka 1866 Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Haki za Kiraia, iliyowapa weusi uraia na haki sawa mbele ya sheria. Wright akarudi palepale, akafanya mtihani na kufaulu. Agosti mwaka huo akawa wakili mweusi wa kwanza wa Pennsylvania.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, utumwa umepigwa marufuku, na Kusini kulikuwa na kazi. Wright akaenda Beaufort, katika pwani ya South Carolina, kuwa mshauri wa kisheria wa watu waliotoka utumwani. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa wajumbe walioandika katiba mpya ya jimbo, kisha akachaguliwa kuwa seneta. Hakuwa mtu wa kumezea: kampuni ya reli ilipomfukuza kwenye behewa la daraja la kwanza, aliishtaki na kupata fidia ya dola 1,200.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. South Carolina majaji hawateuliwi na gavana wala hawapigiwi kura na wananchi. Huchaguliwa na wabunge, na ndivyo ilivyo hata leo. Tarehe 1 Februari 1870 wabunge walimchagua Wright akiwa amebakiza siku kumi atimize miaka 30. Kwa hiyo kiti chake kilisimama juu ya kura za weusi zilizowaingiza wabunge hao.

Uchaguzi wa 1876 ulivuruga kila kitu. Magavana wawili waliapishwa, Daniel Chamberlain wa Republican, chama cha Wright na cha wapiga kura weusi, na Wade Hampton wa Democratic, kila mmoja akidai ndiye mwenye ofisi. Hampton akamsamehe mfungwa mmoja, Tilda Norris. Mkuu wa gereza angetii msamaha wa gavana yupi? Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Jaji Mkuu alikuwa mahututi, wakabaki wawili, Willard na Wright. Tarehe 27 Februari 1877 wote wawili walitia saini amri ya kumwachia mfungwa. Kumwachia maana yake ni kukiri kuwa Hampton ndiye gavana.

Siku chache baadaye Wright akataka saini yake ifutwe, na akaandika maoni ya kuipinga amri ileile. Alikuwa amechelewa. Baadhi ya wanahistoria humwona mtu aliyetishwa mara mbili, kwanza na upande mmoja, kisha na mwingine. Mimi naona mtu aliyeachwa peke yake mezani. Aprili, Rais Hayes aliwaondoa askari wa shirikisho waliokuwa wakilinda jengo la serikali, na Chamberlain akafungasha virago.

Wabunge wapya, sasa wengi wao wa Democratic, hawakukawia. Wakamtuhumu Wright kwa ulevi na kutishia kumng'oa. Akajiuzulu, akaondoka Desemba 1, 1877. Alirudi kwenye uwakili mjini Charleston, na kutoka ofisini kwake akawafundisha sheria wanafunzi wa Chuo cha Claflin. Kifua kikuu kilimuua Februari 1885.

Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla mweusi mwingine hajaketi katika mahakama ile. Mwaka 1985 wabunge walimchagua Ernest Finney, mhitimu wa Claflin.