Mlinganyo wa kipeo cha tatu haukosi jibu
Wengi huamini kwamba mlinganyo wa kipeo cha tatu ukikataa namba zote kamili, basi hauna jibu. Inaeleweka, kwani mifano ya darasani mara nyingi huchaguliwa ili majibu yatoke kamili.

Chukua x³ − 3x + 1 = 0. Hakuna namba kamili inayofaa. Lakini weka 0 mahali pa x, upande wa kushoto unapata 1. Weka 1, unapata −1. Thamani imeshuka kutoka chanya hadi hasi bila kuruka, hivyo lazima imepita sifuri. Jaribu mwenyewe kwa kikokotoo: 0.3 inatoa 0.127, na 0.4 inatoa −0.136. Endelea kubana nafasi hiyo, utakaribia 0.347. Majibu mengine mawili yako karibu na 1.532 na −1.879.