Waldmüller hakuwa mchoraji wa furaha tu

Wengi wakimtaja mchoraji wa Austria Ferdinand Georg Waldmüller (1793–1865) husema alichora wakulima wenye furaha: watoto wenye mashavu mekundu, maua, jua la asubuhi. Picha hizo alizichora kweli, tena kwa ustadi mkubwa. Lakini kusema ndizo zote ni kumpunja.

Itazame picha yake ya mwaka 1854 iitwayo Erschöpfte Kraft, yaani nguvu zilizokwisha. Ni usiku, taa bado inawaka. Mtoto amelala fofofo, na kando yake mama ameanguka sakafuni, mwili hauna nguvu tena. Kazi imemmaliza. Hakuna tabasamu hapo. Miaka saba kabla yake alikuwa amechora familia maskini ikinyang'anywa mali kwa sababu ya deni.

Wengine hudhani pia alikuwa kipenzi cha wakubwa wa sanaa. La hasha. Alikuwa profesa katika Chuo cha Sanaa cha Vienna tangu 1829, na humohumo akakipinga chuo chake hadharani: alitaka wanafunzi wajifunze kwa kutazama maumbile yenyewe, si kunakili kazi za wakale. Mwaka 1857 alistaafishwa kwa lazima, kwa malipo pungufu. Mwaka huohuo alichora watoto wa kijijini asubuhi ya sikukuu, wakiwa na mavazi meupe na maua, na mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi zake bora kabisa.