Je, wajua kwa nini Forester ya kawaida huchoka Limuru na XT haichoki?

Chukua Subaru Forester mbili za umbo la SJ, lile lililouzwa Japani kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi 2018. Zote mbili zina injini ya lita 2.0, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Moja ni 2.0i isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 148. Nyingine ni XT yenye turbo, farasi 280. Zipandishe Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kila moja ikiwa na watu watano na mizigo yao. Ya kwanza itanguruma na kukaa nyuma ya lori. Ya pili itapita kama haijui kuna mlima.

Sababu kubwa ni hewa. Injini isiyo na turbo hupata hewa kwa kunyonya tu, pale pistoni inaposhuka. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi: Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, imepungua uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Eldoret, karibu mita 2,100, imepungua kwa asilimia 19 hivi. Hewa ikipungua, kompyuta ya injini nayo inapunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike. Wale farasi 148 wa kwenye karatasi wanabaki kama 125 Nairobi, na kama 120 Eldoret. Hujaibiwa na mtu. Ni mwinuko tu.

XT haisubiri kunyonya. Moshi wa ekzosi unazungusha turbo, turbo inasukuma hewa ndani, na kompyuta inalenga shinikizo fulani. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, turbo inazungushwa kwa kasi zaidi mpaka sehemu kubwa ya lile shinikizo irudi. Kwa hiyo milimani XT haiongezewi kitu. Ni mwenzake ndiye anayepunguziwa. Mkazi wa Tanga au Dar es Salaam anayetamani XT kwa sababu rafiki yake wa Mbeya anaisifu, ajue kwamba sehemu ya sifa hizo ni ya Mbeya.

Halafu kuna nguvu ya msokoto, ile inayosukuma gari bila kulazimika kukanyaga mafuta hadi chini. Hii inapimwa kwa niutoni mita, na ndiyo inayohisiwa barabarani kuliko idadi ya farasi. 2.0i inatoa 196, na inazifikia injini ikizunguka mara 4,200 kwa dakika. XT inatoa 350, kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,600. Unapotaka kulipita trela kwenye mlima Kitonga, hiyo 350 iko tayari mguuni. Farasi 280 wenyewe wanatimia kwenye mizunguko 5,700, mahali ambapo wenye XT wengi hawafiki hata mara moja kwa mwezi. Umbo la nyuma yake, SH la 2007 hadi 2012, lina kisa hichohicho: ya kawaida ni farasi 148, XT ya lita 2.0 ni farasi 230 na niutoni mita 319.

Kama una 2.0i na unafikiria kuibadilisha uchukue XT, kabla hujaliuza ulilo nalo hakikisha linatoa nguvu zake zote. Forester nyingi zinazosemwa hazina nguvu ni za kawaida zilizochoka kwa mambo madogo. Anza na kichujio cha hewa, hasa kama unapita barabara za vumbi. Kihisio cha kupima hewa kikishika uchafu, injini inapewa petroli kwa hesabu ya uongo. Kisafishwe kwa dawa yake maalumu, si kwa kitambaa. Plagi za injini hizi za kulala ziko ubavuni, kuzifikia ni kazi, na ndiyo maana baadhi ya mafundi huziruka. Nyanyua gurudumu mojamoja ulizungushe kwa mkono: breki inayoshika inakula nguvu na petroli kimyakimya. Ekzosi iliyoziba kwenye katalisti hufanya gari liende vizuri taratibu lakini likatae kuchanganya.

Ukipima mgandamizo wa silinda, usiogope namba ikiwa chini ya ile ya kitabu kama uko nyanda za juu, kwa sababu hewa nyepesi inaishusha namba hiyo pia. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 15, hapo kuna ugonjwa, na kubadilisha gari bila kuujua ni kumuuzia mwenzako mgonjwa kwa bei ya mzima.

Sasa gharama. Kwa vipimo vya maabara vya Japani, 2.0i ya SJ za miaka ya mwanzo inakwenda hadi kilomita 15.2 kwa lita, XT 13.2. Ukiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, tofauti hiyo ni lita 15 hivi. Lakini foleni haifuati maabara. Tuseme mjini yako inakwenda 9 kwa lita na XT itakwenda 7: hapo ni lita 167 dhidi ya 214, yaani lita 47 zaidi kila mwezi. Zidisha kwa bei ya pampu ya kwako, tena kwa 12, upate jibu la mwaka.

Si wingi tu, na aina ya petroli inahusika. XT imetengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake ni oktani (uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga) 96 au zaidi, 2.0i inatosheka na ya kawaida, oktani 89. Super ya pampu nyingi za kwetu inaitosha 2.0i vizuri kabisa, ila XT inapewa pungufu ya ilichoandikiwa. Kompyuta ikisikia injini inagonga, inachelewesha cheche ili kuilinda, na wewe unapoteza sehemu ya nguvu ulizolipia. Kwenye mlima, na mzigo, na joto, ucheleweshaji huo una kikomo. Hapo ndipo pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi, hasa kama mtu ameshachezea programu ya injini ili kuongeza shinikizo la turbo.

Lakini kinachoua turbo nyingi ni oili. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikizeeka inaganda kuwa masizi kwenye njia nyembamba. Kwenye baadhi ya injini za Subaru za EJ zenye turbo, aina iliyomo kwenye XT ya SH, kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakosa oili huku taa ya dashibodi ikiwa kimya. Turbo ikifa, vipande vya chuma vinaingia kwenye oili na kwenda kula beringi za kranki. Bili ya turbo inageuka kuwa bili ya injini nzima. Kwa hiyo kila kilomita 5,000 oili na filta vibadilishwe, bila kungoja mshahara. XT ya SJ inachukua lita 5 na kidogo za 5W-30. Pima kwa kijiti kila wiki mbili, kwa sababu injini hizi hupunguza oili bila kudondosha tone chini, na lita moja ikipungua, kona kali zinaweza kuiacha pampu ikinyonya hewa. Baada ya kupanda mlima kwa nguvu, dakika mbili za mwisho endesha polepole ndipo uzime.

Mengine ni mafupi. XT ya SJ hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na hushika masizi. XT ya SH ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ya XT ya SJ si ile ya 2.0i, ni kubwa zaidi, na ukiimiminia oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida umeiua.

Je, ubadilishe? Kama safari zako ni mji wa pwani na foleni, hapana. Hizo lita 47 utazinunua bila kuhisi faida yake. Kama unapanda nyanda za juu kila wiki ukiwa na mzigo, na una fundi unayemwamini na daftari la oili, XT inastahili. Ushuru wa bidhaa unaopangwa kwa ujazo wa injini hauitofautishi lita 2.0 yenye turbo na isiyo nayo. Tofauti inakuja kwenye thamani ya gari, na bima kubwa nayo inafuata thamani hiyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo SJ, ambayo ya mwisho ni ya 2018, unaitafuta kati ya zilizokwisha kutumika humu nchini. Tanzania haikatazi, ila gari kuukuu hutozwa ada ya uchakavu.

Ukienda kuikagua, usidanganywe na tundu la hewa juu ya boneti. Kwenye SH ni alama ya turbo, lakini huuzwa pia dukani kama pambo. Na XT halisi ya SJ haina tundu hilo. Soma namba ya chesisi: SJG ni turbo, SJ5 siyo. Omba injini iwe baridi unapofika. Ikiwa imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Ikipata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika tano, kisha kanyaga mafuta ghafla. Moshi wa bluu unaotoka hapo ni oili inayopita kwenye turbo au kwenye sili za valvu. Panda mizunguko 2,500 na uachie taratibu: mlio mzito wa kugonga chini ya injini ni beringi za konrodi, na hapo mazungumzo ya bei yamekwisha.

Wapo watakaokushauri uweke injini ya XT kwenye 2.0i yako. Ukinunua injini peke yake hujafika popote. Utahitaji kompyuta yake, waya zake, giaboksi, pampu ya petroli, ekzosi, na breki zinazolingana na mwendo mpya. Ukibadilisha giaboksi bila difu ya nyuma, na rasio zikatofautiana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana hadi klachi ya kugawa nguvu iungue. Ukijumlisha hayo na kazi ya fundi, mara nyingi utakuta umevuka bei ya kuuza lako na kuongeza juu. Na namba ya injini mpya lazima iingizwe kwenye logbook Kenya au kwenye kadi ya gari Tanzania, pamoja na kuijulisha kampuni ya bima.