Bei ya Nyumba Haijumuishi Kodi: Jipange Kabla ya Kusaini

Wanunuzi wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria huja wakiwa wameshamaliza kulipa. Mkataba wanao, funguo wanazo, ila hati bado inasoma jina la muuzaji. Mara nyingi kilichokwamisha ni kodi ambayo siku ya kusaini hakuna aliyeitaja. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, kwa nyumba yenye hati miliki.

Inayoumiza zaidi ni kodi ya faida ya mtaji. Kisheria ni ya muuzaji: kama ni mkazi wa nchi, anatozwa asilimia 10 ya faida aliyopata. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato inamkataza msajili wa hati kusajili uhamisho mpaka aone cheti cha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Muuzaji akishachukua fedha yake na kupotea, anayebaki anahangaika ni mnunuzi.

Chukua nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 60, ikakarabatiwa kwa milioni 30, na sasa inauzwa milioni 120. Faida ni milioni 30, hivyo kodi ni milioni 3. Hesabu hiyo inasimama ikiwa muuzaji ana mkataba wa zamani na risiti za ukarabati. Asipokuwa na kumbukumbu za gharama, mtu binafsi hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyothibitishwa, yoyote iliyo kubwa. Hapa ni milioni 3.6. Upo pia msamaha unaosahaulika: mkazi anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi, na faida yake haizidi milioni 15, hadaiwi kodi hii. Hata hivyo cheti lazima kitolewe.

Utasikia muuzaji akisema, "Mimi nataka milioni 120 zangu mkononi, mambo ya kodi utayajua mwenyewe." Kukubali si kosa, mradi ujue umekubali nini: bei yako imepanda. Kama hukubali, mkataba useme wazi nani analipa, na sehemu ya fedha ibaki kwa wakili mpaka cheti cha TRA kitoke. Kipengele hiki kimoja kingewaokoa wengi tunaowahudumia.

Ushuru wa stempu ni wako mnunuzi. Ni asilimia 0.5 kwa shilingi 100,000 za kwanza na asilimia 1 kwa kinachozidi, kwa hiyo nyumba ya milioni 120 inadai shilingi 1,199,500. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Hati isiyolipiwa stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi, na hapo ndipo watu hugundua kwamba karatasi waliyoitegemea haiwasaidii.

Ongeza ada ya wakili, malipo ya uthamini, ada za kibali na usajili zinazoendana na Fomu Na. 29, 30 na 35 za kuhamisha umiliki wa ardhi, pamoja na dalali wako. Ukinunua nyumba mpya kwenye mradi wa kampuni, uliza kwa maandishi kama bei uliyotajiwa ina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake.

Wapo wanaoandika mikataba miwili, mmoja wa bei halisi na mwingine wa bei ndogo ya kupeleka TRA. Tunawasihi waache. Mthamini ataitazama nyumba kwa bei ya soko hata hivyo. Mkigombana, bei utakayodai kurudishiwa ni ile ndogo iliyoandikwa kwenye mkataba wa TRA. Na siku utakapouza wewe, gharama yako itahesabiwa kwa bei ile ndogo, faida itaonekana kubwa, na kodi aliyoikwepa muuzaji utailipa wewe.

Jambo jingine ni ile "asilimia kumi" inayoombwa kwenye baadhi ya ofisi za serikali za mitaa kwa kushuhudia mauziano. Hakuna kodi ya namna hiyo. Malipo ya serikali yana namba ya malipo, yaani kontroli namba, na stakabadhi. Ukiombwa fedha taslimu isiyo na vyote viwili, usitoe.

Kabla ya awamu ya mwisho, mwambie muuzaji alete stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, maana deni la nyuma hukwamisha uhamisho. Kagua pia mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo hukatwa humo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, na deni lililolimbikizwa litakatwa kwenye umeme utakaonunua wewe. Viwango hivi hubadilika kupitia Sheria ya Fedha, inayoanza kutumika kila Julai. Ukinunua karibu na mwezi huo, mwombe wakili wako apige hesabu upya.