Je, wajua kwa nini matetemeko mengi ya ardhi huandikwa "kina: kilomita 10"?

Fungua orodha ya matetemeko ya ardhi ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Hutashuka sana kabla ya kuona kina kilekile kikijirudia: 10, 10, 10. Msomaji huona kana kwamba kilomita 10 chini yetu kuna tabaka dhaifu linalokatika kila mahali. Tabaka hilo halipo. Ni kweli matetemeko mengi hutokea karibu na kina hicho, lakini mara nyingi 10 hiyo haikupimwa. Imewekwa tu, kwa sababu data haikutosha kutoa namba nyingine. Zamani iliyozoeleka ilikuwa 33, kina ambacho modeli ya mwendo wa mawimbi ya wataalamu Jeffreys na Bullen iliweka mwisho wa gamba la dunia.

Wala huu si udanganyifu. Programu kama SEISAN ya Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, humwonyesha mchambuzi michirizi ya mtikisiko kutoka vituo mbalimbali. Mchambuzi huweka alama pale wimbi la P, la kwanza kufika, linapoanza, kisha la S, linalokuja nyuma yake. Programu hukisia mahali na saa ya tetemeko, hukokotoa mawimbi yangefika lini, hulinganisha na zile alama, husogeza kisio, hurudia. Vituo vikilizunguka eneo, mahali kwenye ramani hupatikana vizuri. Kinachosumbua ni kina.

Chukua jengo la ghorofa Kariakoo. Watu watatu wanatoka chumba kimoja kwa pamoja, wanapanda bodaboda: mmoja Mwenge, mwingine Mbagala, wa tatu Gongo la Mboto. Ukijua kila mmoja kafika saa ngapi, na mwendo wa pikipiki, utakadiria jengo liko wapi. Je, walitoka ghorofa ya pili au ya sita? Ngazi ziliwachelewesha wote sawasawa. Huenda waliwahi kutoka ghorofa ya sita, huenda walichelewa kutoka ya pili. Saa za kufika ni zilezile.

Vituo vikiwa mbali, mawimbi nayo ni hivyo. Lishushe tetemeko kilomita chache, isogeze saa ya kutokea kidogo, na hesabu inabaki karibu ileile. Programu ikiachiwa huru inaweza hata kuliweka tetemeko hewani, juu ya uso wa ardhi! Hapo ndipo kina hufungwa kwenye 10.

Dawa ni kituo kilicho karibu, kisichozidi sana umbali ulio sawa na kina chenyewe. Kikikosekana, mchambuzi hutafuta pP, wimbi lililopanda kwanza likagonga uso wa ardhi juu ya tetemeko, ndipo likaifuata P. Pengo kati yao hufichua kina, ingawa tetemeko likiwa la juujuu mno hayo mawili huchanganyika.

Kwetu jambo hili lina uzito. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, USGS waliliandikia kina cha kilomita 40. Kwenye Bonde la Ufa miamba hukatika hata kwenye sehemu ya chini kabisa ya gamba, kwa hiyo 10 ya mazoea inaweza kupotosha. Katika taarifa za ISC, kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za matetemeko kilichoko Thatcham, Uingereza, kina kilichofungwa huwekewa herufi f pembeni. Itafute kabla ya kuinukuu namba.