Mafuta ghafi: kinachobaki chini ya mnara

Neno "kusafisha" linatupotosha. Ndani ya mafuta ghafi hamna petroli iliyochafuka inayongoja kuchujwa, bali mna maelfu ya aina za molekuli za kaboni na hidrojeni, nyepesi kwa nzito, na kazi ya kiwanda ni kuzitenga kwanza, kisha kuzivunja na kuziunda upya.

Kutenga ndiyo sehemu rahisi, na aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa anaijua kanuni yake: chepesi huchemka na kugeuka mvuke kwanza, kizito hufuata. Nilipoanza kazi ya maabara nilipewa chupa ya kioo yenye mililita 100 za petroli, nikaipasha moto taratibu huku nikiandika joto la tone la kwanza, kisha joto la kila mililita 10 zilizotimia upande wa pili. Petroli huanza kudondoka karibu na nyuzi 40 na kwisha kabla ya 220. Kiwandani, mafuta ghafi huondolewa chumvi, hupashwa moto kwenye tanuri hadi nyuzi 350 au zaidi kidogo, kisha huingizwa katika mnara wenye sinia nyingi, ambamo mvuke hupanda ukipoa na kila kundi la molekuli hugeuka kimiminika mahali panapolifaa: gesi ya mitungi na nafta (kimiminika chepesi kinachotengenezewa petroli) juu, mafuta ya taa na ya ndege katikati, dizeli chini yake. Kilichoshindwa kupanda hubaki chini, kizito na cheusi.

Hapo ndipo biashara hufa au hupona. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilikuwa na mnara na mtambo wa kuboresha nafta iwe petroli, lakini hakikuwa na mtambo wa kuvunja mabaki, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila pipa la lita 159 iliishia kuwa mafuta mazito ya tanuri na meli, ambayo bei yake huwa chini ya bei ya mafuta ghafi yenyewe. Kiliacha kusafisha mwaka 2013. Sababu zilizotajwa ni nyingi, lakini kwa jicho la mhandisi naiweka hii mbele ya zote.

Kiwanda kilichokamilika huyapeleka mabaki kwenye mnara wa pili, ambao hewa yake imefyonzwa ili yachemke bila kuungua, na lami hutokana na kile kinachosalia huko. Sehemu iliyopanda hukutanishwa na unga wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kutumika, chenye joto la zaidi ya nyuzi 500, na kwa sekunde chache tu molekuli ndefu hukatika zikawa petroli na gesi. Unga hutoka umepakwa kaboni, nayo huchomwa, na joto lake ndilo linaloendesha mkato unaofuata. Sijaona mpangilio mwingine kiwandani unaonipendeza kama huo. Gesi zitokanazo, kama vile propilini, huwa malighafi ya plastiki. Mtambo wa nafta nao hutoa hidrojeni, ambayo huondoa salfa kwenye dizeli, na bila hatua hiyo ni vigumu kufikia kiwango cha sehemu 50 kwa milioni kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015.

Mafuta ya Turkana na ya Uganda yana salfa kidogo, lakini yamejaa nta. Niliwahi kupindua chupa ya sampuli kichwa chini katika chumba chenye kipupwe, na hakuna kilichosogea. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto njia nzima. Nta hiyo inayowasumbua wasafirishaji hukatika vizuri sana mbele ya kichocheo. Lakini mafuta hayohayo yakiingizwa katika kiwanda chenye mnara peke yake, sehemu kubwa yake itabaki palepale chini.